Kurudi kwa Lugha ya Fundi

Mume wangu alitoka hospitali akipiga mluzi. Nilikuwa nyuma ya duka napiga pasi sketi za sare za shule, nikausikia mluzi kabla sijamwona mwenyewe, nikajiambia hapa pana jambo. Mtu huyu hana tabia ya kupiga mluzi. Tabia yake ni kununa mpaka saa ya chai, kisha kuongea kama redio ambayo hakuna ajuaye pa kuizimia.

Aliingia, akatundika kofia msumarini, akaketi kwenye kiti chake mbele ya cherehani, akanitazama huku anachekacheka.

"Mama Pacha," akasema, "umerudi."

Nusura pasi iniangukie mguuni. Nikaketi juu ya rundo la sketi nilizotoka kuzinyoosha, nikalia. Sikulia kwa adabu. Nililia kwa sauti, kwa kamasi, mpaka upindo wa kanga ukalowa chapachapa.

Yeye akainuka, akaja kunipigapiga mgongoni. "Lia, mke wangu. Hata mimi chozi lilinitoka pale kwa daktari. Machozi ya furaha hayana aibu."

Nikanyamaza ghafla. "Furaha ya nini?"

"Si nimekwambia? Ugonjwa umerudi." Akachukua kipande cha pamba mezani, akakivuta kwa vidole kutoka pande zote kwenda katikati, kikajikunyata kiganjani. "Umerudi namna hii. Umejikunja, umekuwa mdogo. Daktari kasema kwa mdomo wake, na kasema kuna dawa mpya ya kuukabili. Nalazwa Jumatatu."

Hapa inabidi nieleze, maana si kila mtu amelala na fundi cherehani kitanda kimoja kama mimi. Nyumbani kwetu neno kurudi ni la kitambaa kwanza, la watu baadaye. Kitambaa kikitiwa maji kikapungua, tunasema kimerudi. Kabla ya kukata suti tunakiloweka ili kirudi mapema, kisije kikarudi kikiwa mwilini mwa mteja siku ya harusi yake. Wengine wakisikia "amerudi" wanamwona mtu mlangoni na begi lake. Mume wangu anaona suruali iliyopanda juu ya vifundo vya miguu.

Mimi kazi yangu ni pasi, vifungo na matundu ya vifungo, kwa hiyo lugha zote mbili nazijua. Ndiyo maana sikujua nilie au nicheke.

Mume wangu mtaani anaitwa Bwana Kesho. Jina hilo alipewa na wateja, na kila mmoja ana sababu yake. Ukimpelekea kitambaa atakuambia njoo kesho, na kesho yenyewe ukija atakuonea huruma ya dhati kwa kuwa umekuja kesho isiyo yenyewe. Lakini mshono wake haufumuki. Watu wanatukana, wanasubiri, wanavaa, wanarudi tena.

Ugonjwa wake ni saratani ya uboho, ile ambayo wenyewe wanaiita mailoma. Ulianzia mgongoni, naye akakilaumu kiti. Tulibadilisha viti mpaka fundi seremala akawa anatuamkia kwa heshima ya pekee, kumbe kiti hakina kosa, mifupa ndiyo ilikuwa inaliwa kwa ndani. Akapewa vidonge, akapewa sindano, ugonjwa ukawa unapanda na kushuka. Mwishowe akafanyiwa ile tiba kubwa. Walimtoa damu, wakachagua humo chembe za kinga, zile tunazoziita askari wa mwili, wakazipeleka kufundishwa kazi moja tu, kuzitambua chembe mbovu kwa alama zilizovaa, kisha wakazirudisha mwilini mwake. Askari wake mwenyewe, waliotoka mafunzoni.

Walipiga kazi, siwezi kuwakosea shukrani. Karibu mwaka mzima vipimo havikuona kitu. Lakini siku zile za mwanzo, askari walipoingia na hasira zao, tuliona cha mtema kuni. Siku alipotoka wodini amekonda kama uzi, alisimama mlangoni pa duka mbele yangu na mbele ya mdogo wake, akasema, "Ukirudi, mimi sirudi."

Yaani ugonjwa ukija tena, yeye hospitali haendi tena. Na mtu huyu ahadi za nguo anazivunja kila siku ya Mungu, lakini kiapo hakivunji. Aliapa kuacha sigara, akaacha palepale na pakiti ikiwa nusu. Aliapa kutokanyaga kwa kinyozi aliye ng'ambo ya barabara, kwa sababu alimkata sikio na kumwambia sikio ndilo lililosogea. Tangu hapo anakwenda kunyolea mtaa wa tatu, mvua inyeshe jua liwake.

Basi hesabu yangu jioni ile ilikuwa rahisi, na ndiyo iliyonitesa. Ikiwa ugonjwa umerudi kwa lugha ya fundi, mume wangu anakwenda hospitali Jumatatu, anapewa dawa. Ikiwa umerudi kwa lugha ya watu wote, na yeye akajua, haendi. Na asipokwenda, nitamzika.

Shemeji yangu alikuja na soda. Ni fundi viatu, kibanda chake kimeegemeana na duka letu, ukuta wa mbao ndio unaotutenganisha, na siri zetu zote anazijua bila kuuliza. Akamkumbatia kaka yake, wakacheka, wakapigana mabega. Watu wakawa wanapita kutoa pongezi. Nami nikaamini. Nilijitia ujinga kwa makusudi, kwa sababu ulikuwa mtamu. Nililala naye usiku ule nikijiambia daktari naye ana mama, labda mama yake ni fundi.

Asubuhi ujinga ulikuwa umepoa. Daktari hasemi ugonjwa umerudi akimaanisha umepungua. Angesema umepungua. Nikachukua kikapu, nikamwambia mume wangu nakwenda kununua vifungo.

Daktari wetu ni mwanamke kijana, mpole, anayesema taratibu kana kwamba maneno yana bei. Alinikaribisha kwenye chumba chake kidogo chenye meza, kitanda cha kupimia na kalenda ya kampuni ya rangi. Nikamuuliza jana alisema nini.

"Nilimwambia ugonjwa umerudi, mama."

"Umerudi vipi?"

Akanishangaa. "Umekuja tena. Protini ya ugonjwa imeonekana kwenye damu, na inapanda."

"Yeye amesikia umepungua."

"Kwa Kiswahili gani?"

"Cha mafundi," nikasema, nikamwonyesha kwa upindo wa kanga yangu, namna kitambaa kinavyojivuta kikitoka majini.

Alijifunika uso kwa viganja. Mabega yakamtikisika, nikajua anacheka, kisha nikajua hachekei jambo la kuchekesha. "Nilishangaa mimi," akasema. "Nimempa mtu habari mbaya, ameinuka, amenishukuru, amenipa mkono wa kwaheri. Akaniambia bega moja la koti langu liko chini, nimpelekee alirekebishe."

"Hilo la bega ni kweli," nikamwambia.

Tukacheka wawili, kidogo. Halafu nikamuuliza imekuwaje, na wale askari waliosomeshwa wako wapi.

"Baadhi bado wapo. Lakini tuliwafundisha kutafuta alama moja. Chembe mbovu zilizobaki zimeivua alama hiyo. Askari wanapishana nazo njiani, hawazitambui."

"Kama mwizi wa nguo akikata lebo."

"Hivyo hivyo, mama. Ila zina alama nyingine ambayo hazijaivua, na hii dawa mpya inakamata hiyo. Ni sindano ya chini ya ngozi. Ina mikono miwili. Mmoja unashika chembe mbovu, mwingine unashika askari, inawaleta uso kwa uso."

"Pini," nikasema. Pini ndiyo inayoshikanisha vitambaa viwili mpaka mshono upite.

Akaandika neno hilo pembeni ya karatasi yake, akasema atalitumia kwa wagonjwa wengine. Nikamuuliza kama mume wangu atapona.

Hakukimbilia kujibu, na kwa hilo nilimpenda. "Kupona kabisa siwezi kukuahidi. Zamani mtu akirudiwa baada ya tiba kama ile, hatukuwa na mengi mkononi. Sasa wengi tunaowapa dawa inayolenga alama nyingine wanapata nafuu tena. Si wote. Wengine nafuu yao ni ndefu, wengine fupi, na mbele yake kuna dawa nyingine zinajaribiwa. Lakini akikaa hivi hivi, ugonjwa hautamsubiri."

"Basi mpe Jumatatu, mimi nitanyamaza."

"Mama, siwezi kumpa mtu dawa ya jambo asilolijua. Mwili ni wake. Nitamweleza upya kabla ya kuanza."

Nikamwambia habari ya kiapo. Nikamwambia habari ya kinyozi pia, ili aelewe tunazungumzia mtu wa namna gani. Akaguna. Nikamwomba aniachie nimwambie mwenyewe. "Akisikia kwako," nikasema, "atavaa kofia yake aondoke. Akisikia kwangu, kofia nitakuwa nimeificha."

Kabla sijatoka nilimuuliza jambo moja zaidi, kama dawa hii nayo itamvuruga akili kama ile ya kwanza. Akasema inaweza, ila mara nyingi huwa nafuu kuliko ile. Wanaanza na dozi ndogo, wanaongeza kidogo kidogo, na wanamlaza ili wamwangalie. Hilo nililifunga moyoni, nikapitia dukani kununua vifungo kweli.

Siku ile sikusema. Nilijaribu mara nyingi, na kila nikifungua mdomo linatoka jambo la chumvi au la nyuzi. Kusema kweli niliogopa. Alikuwa na furaha iliyomfanya amalize gauni la mteja siku aliyoahidi, na mteja mwenyewe hakuwapo dukani kulichukua kwa sababu hakutegemea.

Kesho yake asubuhi aliingia dereva wa lori, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Akatupa suruali mezani.

"Bwana Kesho, suruali imerudi."

"Imerudi kwangu, au imerudi yenyewe?" akauliza mume wangu bila kuinua kichwa.

"Yote mawili. Imerudi yenyewe, ndiyo maana nimeirudisha kwako."

Wakacheka wote wawili. Mume wangu akaipima kwa utepe, akasema atafungua pindo, ipo akiba ya kutosha, njoo kesho. Dereva akasema kesho ya nani, akaenda zake. Mume wangu alibaki ameishika ile suruali, bado anacheka peke yake, anasema Kiswahili hiki kitakuja kutuua.

Nikapiga moyo konde. Nilichomoa pasi kwenye umeme kwanza, nisije nikaunguza duka.

"Baba Pacha," nikasema. "Daktari alisema umerudi. Lakini hakusema hivi." Nikakunja vidole kama yeye alivyokunja ile pamba. "Alisema hivi." Nikanyoosha mkono mlangoni, nikavitembeza vidole viwili hewani, vikaingia dukani mpaka mezani kwake.

Aliutazama mlango. Aliutazama kwa muda, kama vile kuna mteja amesimama pale anamdai nguo. Kisha mguu wake ukaanza kukanyaga cherehani. Sindano ikawa inapanda na kushuka bila kitambaa chini yake, na mtu huyu humfokea yeyote anayefanya hivyo, maana inaharibu ncha. Nikamwacha akanyage.

"Umemwona lini daktari?"

"Jana. Na vifungo nilinunua, nisiwe mwongo moja kwa moja."

"Mtaa mzima nimeuambia."

"Najua."

"Nimemwambia hata kinyozi. Nilisimama nje nikamwambia kupitia dirishani."

Miaka yote hiyo hakuwahi kumpa kinyozi hata salamu. Sikuwa nimejua furaha yake ilikuwa kubwa kiasi hicho.

Akasimama. "Nilisema ukirudi, mimi sirudi. Ulikuwapo, ulinisikia." Akapapasa msumari ukutani. "Kofia yangu iko wapi?"

"Iko ndani ya boksi la vitambaa vya bitana, na boksi nimelikalia."

"Inuka."

"Siinuki."

Hasira zangu huchelewa kuja, lakini zikija zinakuja na mizigo. Nikamwambia kiapo kile aliapa peke yake, mimi hakuniuliza. Nikamwambia daktari anasema mwili ni wake, sawa, lakini ninayeufulia ni mimi, ninayeupikia ni mimi, na niliyeusugua mgongo wakati kiti kinasingiziwa ni mimi, kwa hiyo na mimi nina neno langu ndani ya mwili huo. Nikamweleza habari ya alama iliyovuliwa na alama iliyobaki, nikamweleza pini, nikamweleza kwamba wengi wanapata nafuu na si wote. Sikuficha lolote. Nikamwambia sitaki kuwa mjane, sitaki kabisa, sina sura ya ujane.

Alisikiliza yote akiwa amesimama. Kisha akaketi.

"Sindano siogopi," akasema. "Homa siogopi. Naogopa zile siku mbili."

Zile siku mbili ndizo nilizosema tuliona cha mtema kuni. Askari walipoingia mwilini mara ya kwanza, joto lao lilimpanda mpaka kichwani. Muuguzi alikuwa akimpa karatasi kila asubuhi aandike sentensi moja, yeye akawa anaandika vipimo: kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Hakujua yuko wapi. Mimi aliniita shangazi. Aliniita kwa heshima kubwa, akaniuliza kama nimekula, akaniomba radhi kwamba kiti si kizuri. Halafu akaniuliza kama njiani nimemwona mke wake, maana amechelewa na si kawaida yake. Nilimwambia yuko njiani anakuja. Siku ya tatu akili ikarejea, akaniita Mama Pacha, akaomba uji. Nilidhani hakumbuki kitu, na mimi sikumkumbusha.

"Nilikuwa nakuona," akasema. "Sura naijua, nasema huyu namjua, huyu ni wangu, lakini wangu nani? Natafuta sipati. Bora ugonjwa unichukue nikiwa nakujua. Sitaki kufa nikikuita shangazi."

Niliinuka kwenye boksi. Sikuwa na haja nalo tena. Nilikwenda nikaketi kwenye kiti cha wateja, magoti yetu yakagusana.

"Uliponiita shangazi, nilikuitika au sikukuitika?"

"Uliitika."

"Nilisema nini?"

"Ulisema naam."

"Basi nitasema naam tena. Niite shangazi, niite dada, niite dereva wa lori. Siku usiponijua, mimi nitakujua kwa niaba yetu sote wawili. Kunijua si kazi yako peke yako. Nisichokiweza ni kukaa humu dukani bila mtu wa kuniita."

Alichukua ile suruali ya dereva, akaanza kufumua pindo kwa kiwembe, uzi mmoja mmoja. Mimi nilikaa. Sikujua amekubali au amekataa, na safari hii sikutaka kujitia ujinga wowote.

Sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta wa mbao. "Kaka," shemeji akaita, "samahani, mimi sisikilizi mambo ya watu. Lakini kama huo ugonjwa umerudi, si uende ukaurudi? Kama mama alivyokuwa akiturudi sisi kwa mwiko. Mbona tulinyooka?"

"Wewe hukunyooka," akajibu mume wangu.

"Mwiko ulivunjikia kwako, ndiyo maana."

Mume wangu alicheka bila kutaka. Alicheka huku machozi yanamdondokea kwenye suruali ya mtu, akayafuta kwa kipande cha chaki, akajichora mstari mweupe shavuni. Alimaliza kufumua mguu mmoja, akaanza wa pili.

"Kofia," akasema.

"Ya nini?"

"Jumatatu nitakwenda kichwa wazi?"

Mtaani alitangaza mwenyewe. Alisimama barazani, akawaambia watu kwamba juzi alikosea kutafsiri, ugonjwa haukurudi kama kitambaa majini, umerudi kama mtu mlangoni, na kwamba pongezi zao atazitunza, atazitumia baadaye. Wengine walilia. Kinyozi alivuka barabara, akampa mkono, akasema hata lile sikio inawezekana ni mkasi. Mume wangu akamwambia atalifikiria.

Sasa ninaposimulia haya yuko pale mbele yangu, anashona. Dawa ilifanya kazi. Protini ya ugonjwa ilishuka mwezi hadi mwezi mpaka kipimo kikawa hakiioni, na daktari alipotupa habari hiyo alisema "umepungua", akalirudia neno, akaonyesha na kwa mikono, akamwomba mume wangu aeleze kwa maneno yake alichosikia. Alimwambia pia bila kumung'unya kwamba unaweza kuja tena. Mume wangu akamjibu hata wateja wake huja tena, na wengi huja wamekasirika, naye huwa yupo dukani.

Si kwamba dawa imetuachia kila kitu. Ngozi ya viganja ilimbambuka, kucha zikawa laini, kuokota pini hawezi, namwokotea mimi. Ladha ya chakula ilimtoka kabisa. Miaka yote amelalamikia chumvi yangu, na sasa anakula kila ninachompa kwa unyenyekevu, maana wali, ndizi na boksi la viatu kwake ni kitu kimoja. Daktari amepunguza idadi ya sindano, anasema ladha itaanza kurejea. Mimi sina haraka.

Lakini ninachokikumbuka kuliko hayo yote ni mchana wa dozi ya pili, wiki ile ya kwanza ya kulazwa. Homa ilimpanda. Macho yakawa mekundu, midomo ikakauka, akawa anatazama dari bila kusema. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa kitanda kwa sababu kiti kilikuwa na nguo zake na sikukumbuka kwamba nguo huhamishika. Muuguzi aliingia na maswali yake ya kupima kama akili bado ipo.

"Mzee, hapa ni wapi?"

"Hospitali," akajibu, polepole. "Shuka zenu zimekunjwa pindo vibaya."

"Huu ni mwaka gani?"

Akautaja. Muuguzi akaandika.

"Na huyu hapa ni nani?"

Alinigeuzia uso. Alinitazama muda mrefu, kwa heshima ileile ya zile siku mbili, heshima ya mtu anayemtazama mgeni. Mungu wangu, nikasema kimoyomoyo, basi na iwe.

"Huyu," akasema, "huyu ni shangazi."

Kalamu ya muuguzi ikasimama. Mimi nilikuwa nimeahidi. Nilivuta pumzi, nikaulainisha uso wangu kadiri nilivyoweza.

"Naam, mwanangu," nikasema. "Nipo hapa."

Akafumba macho. Pembe ya mdomo wake ikaanza kucheza.

"Muuguzi," akasema, "andika. Mke wangu nimempima, anaitika vizuri. Sasa hamisha hizo nguo akae, amesimama tangu asubuhi na miguu yake ina matatizo."

Nilimfinya mkono usio na sindano, nikamfinya kwa nguvu zangu zote mpaka akapiga ukelele. Muuguzi akauliza anasikia maumivu wapi. "Hapo hapo," akasema mume wangu, akaushika mkono wangu usiondoke.